Sherehe Kwenu, Kazi Kwetu

Mgeni rasmi, Bibi Naziha Lamrani, Mwenyekiti wa Baraza la Mafundi la mkoa wetu. Wazee wetu wa ufundi. Majirani na wapenzi wa harusi za Fes, amani iwe juu yenu.

KARIBU

Mgeni rasmi, umezoea kuingia ukumbi wa harusi kwa mlango wa mbele. Unapokewa kwa maziwa na tende, unanyunyiziwa maji ya maua ya mchungwa, unakaa, unaletewa bastila, ile pai ya nyama, ikiwa bado inafuka moshi. Leo tumekupitisha mlango wa jikoni, na tumefanya hivyo makusudi. Utuwie radhi kwa sakafu iliyolowa. Huo ndio mlango wetu, na wewe ndiye kiongozi wa kwanza kuupita. Karibu sana.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, jumuiya hii haikuzaliwa ofisini. Ilizaliwa mlangoni, bibi harusi akiwa angani. Tunaomba utuvumilie tukusimulie, maana aliyehusika zaidi ameketi mstari wa mbele, na ametupa ruhusa kwa sharti kwamba tusimpake mafuta.

Lalla Rqiya Lahbabi ni negafa, somo wa maharusi. Humvisha bibi harusi, humfundisha kukaa na kutembea, humbadilisha nguo saba bila kumwacha aonekane amechoka. Kazi aliirithi kwa mama yake, na kwa miaka mingi aliamini kwamba harusi ya Fes ina mkubwa mmoja tu, naye ni negafa. Wengine wote ni watu wa kubeba na kushusha.

Ndipo akatokea Ibtihal Skalli. Ibtihal alikuwa amerudi kutoka Kasablanka, simu sikioni, na alijiita mpangaji wa harusi. Familia ya binti mmoja aitwaye Hafsa ikampa kazi. Lalla Rqiya alipomkuta sebuleni kwa akina Hafsa, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Wewe binti, kazi yako hasa ni ipi?"

"Mimi ni mpangaji, mama."

"Unapanga nini? Nguo napanga mimi. Maua anapanga Abdelhay. Sahani anapanga mpishi. Umebaki kupanga upepo!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Ibtihal naye akacheka, ingawa masikio yalimwiva.

"Basi nitaupanga huo upepo, mama, usije ukakupeperushia maharusi."

Ibtihal aliita kikao kabla ya harusi, kila mtu aseme atafanya nini na wapi. Lalla Rqiya akatuma jibu: "Mimi siitwi vikaoni, naitwa harusini." Abdelhay, mpambaji, akasema maua hayangoji maneno. Kikao kikawa cha Ibtihal na viti vitupu.

Siku ikafika. Watu wa bwana harusi walitoka Meknes, walitaka kurudi mapema, kwa hiyo bibi harusi aliingizwa jua lingali juu. Abdelhay alikuwa amejenga mlangoni tao la waridi jeupe, zuri kama limetoka peponi. Kimo chake kilimfaa mtu anayetembea kwa miguu. Yeye alijua amaria, kile kiti chenye nakshi anachobebewa bibi harusi mabegani, itapita upande wa bustani, kama kawaida ya ukumbi ule. Lalla Rqiya alijua hivyo hivyo. Lakini mama wa Hafsa alikuwa amebadili mawazo asubuhi, akitaka binti yake aonwe na barabara nzima, na hakumwambia mtu ila mkuu wa ngoma.

Ngoma zikaongoza. Wabebaji wanne wakafuata wakicheza, Hafsa juu ya mabega yao katika vazi la jadi la Fes, zito hata mvaaji hawezi kuinuka bila kushikwa. Wa mbele waliliona tao, wakasita. Wa nyuma hawakuliona. Walisukumwa na umati wenye simu mikononi. Amaria ikainama. Hafsa akashika ukingo, taji likagonga waridi, na uso wake ukabadilika rangi.

Lalla Rqiya alikuwa chini yake, amenyoosha mikono. Alipiga kelele kwa nguvu zote. Hakuna aliyemsikia, ngoma zilikuwa zimemeza kila kitu. Wakati ule, ametuambia mwenyewe, alimwona mama yake marehemu, na aliona aibu.

Ibtihal hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ngoma akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Zikanyamaza. Katika ukimya ule kila mtu akaganda alipo.

"Wabebaji, msishushe, msisogee. Simameni hivyo hivyo. Kaka Abdelhay, tao ni lako. Ulivunje au uliinue, sema mwenyewe. Mama Rqiya, ongea na bibi harusi. Sauti anayoijua ni yako."

Lalla Rqiya akashika pindo la vazi. "Hafsa, mwanangu, nitazame mimi. Achana na watu. Kidevu juu. Pumua kama tulivyofanya jana. Eeh, hivyo. Mbona umezidi uzuri?"

 Abdelhay alivuta kiti, akapanda, akalirarua kwa mikono mitupu tao alilolijenga tangu alfajiri. Miiba ilimchana hadi viwiko. Waridi likamwagika juu ya Hafsa kama mvua, na wageni, wakidhani ndivyo ilivyopangwa, wakapasua anga kwa vigelegele. Ibtihal akainua kiganja. Ngoma zikaanza, bibi harusi akaingia.

Baadaye mama wa bwana harusi alikuja jikoni, ameridhika mno. "Hili la maua kumwagika nani kalibuni? Tunalitaka na sisi Meknes, kwa binti yetu mdogo!"

Watatu wale wakatazamana. Abdelhay akaficha mikono nyuma. Mpishi ikabidi atoke nje akacheke.

Alipoondoka mama yule, Lalla Rqiya alimmiminia Ibtihal chai ya nanaa, yeye asiyewahi kummiminia mtu chai kazini. "Binti," alisema, "peke yangu leo ningemwangusha mtoto wa watu. Hicho kikao chako kingine ni lini?"

Kikao hicho, mgeni rasmi, ndicho jumuiya yetu.

TUNAYOJIVUNIA

Leo hapa Fes mpangaji ndiye anayekaa na familia tangu siku ya posa, akasikia wanachotaka na wanachoogopa, kisha akatafuta mafundi. Mbunifu huamua jicho litaona nini: rangi, taa, vitambaa; mpambaji huyatekeleza kwa mikono. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingi sivyo, na wakigombana tunawapatanisha. Msimamizi wa siku hana maua wala nguo. Ana saa na sauti, na siku hiyo hata mama wa bibi harusi humtii. Karibu humtii. Negafa ni wa bibi harusi, hagawanywi. Msanii wa hina ana usiku wake, na mpishi ana moto wake, na wote wawili hawapendi kuharakishwa.

Sasa mtu akimwuliza mpambaji "Mbona nyama haijaja?" anaelekezwa kwa upole. Zamani alijibiwa kwa ukali, na mara moja kwa ua kichwani.

Tunajivunia kwamba tangu hapo hakuna bibi harusi wetu aliyekwama mlangoni. Kila amaria inatanguliwa na mtu anayepima njia. Na binti yule wa Meknes alimwagiwa waridi lake, safari hii lisilo na miiba.

YANAYOTUKWAZA

Mgeni rasmi, mwaka huu Lalla Rqiya aliumia mgongo akimwinua bibi harusi. Alikwenda kwenye ofisi fulani kuomba bima ya matibabu wanayopewa mafundi. Karani kijana, mwenye adabu, akamwuliza kazi yake.

"Negafa."

"Hiyo si kazi, mama. Hiyo ni sherehe."

"Sherehe kwako, mwanangu," Lalla Rqiya akasema. "Kwangu ni mgongo."

Karani alicheka, akamwombea dua, na kweli aliona huruma. Lakini orodha yake ya ufundi ina mfinyanzi, mtengeneza ngozi na mfua shaba. Negafa hayumo, mpangaji hayumo, mbunifu hayumo. Wote tumefungwa katika neno moja, "burudani", na mwenye ukumbi ndiye anayetambuliwa kwa niaba yetu. Mwenye ukumbi ni mtu mwema, lakini hajawahi kuumia mgongo wetu.

MAOMBI

Tunaomba Baraza lako lizitaje kazi hizi moja moja, kwa majina yake, katika orodha ya mafundi wa mkoa. Tunaomba kila anayeingia apimwe na wenye kazi yake: negafa apimwe na negafa, mpangaji na mpangaji.

Mgeni rasmi, tulipoandika sehemu hii, baadhi yetu walitaka tuombe Lalla Rqiya apewe tuzo ya heshima. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya godoro, mto chini ya tumbo. Akainua kichwa.

"Msimwombe mgeni anionee huruma," akasema. "Tuzo za shukrani ninazo, zimejaa ukutani. Mwambieni nina wanafunzi wangu, na sitaki waje waulizwe kazi yao wakose la kujibu."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo tunavyokuomba.

Mwenyezi Mungu akuongezee afya na uzao mwema, aijaze nyumba yako vigelegele, na kila jambo unalolishika likamilike salama. Chakula kiko tayari; sasa kaa, sisi tutahudumu, maana ndiyo kazi yetu.

Ni sisi,
Jumuiya ya Mafundi wa Harusi, Fes.
Imesomwa na Batul Slaoui, msanii wa hina, kwa niaba ya wote.