Nilinyamaza Ghorofa ya Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Leo nawaomba mwitikie kwa sauti ya chini. Mtu akisimama hapa mbele kushuhudia, huwa tunampigia makofi kabla hajafungua kinywa. Mimi nisubirini kwanza. Mkishasikia, mtaamua wenyewe kama ni makofi au ni kuinamisha vichwa.

Mnanifahamu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa kwa miaka mingi, na riziki yangu imetoka kwenye umeme. Pale Kariakoo kuna majengo ambayo kila swichi ya taa niliiweka mimi. Lakini miaka hii ya karibuni wenye maduka walikuwa na swali moja tu. "Mzee, mtandao unafunga? Na kamera?" Nikisema hapana, wananiambia, "Basi tutakuita." Hawakuniita. Ndipo mimi, babu wa wajukuu watatu, nikajiandikisha chuo cha ufundi kusomea mitandao ya kompyuta. Utaratibu wao ni wiki mbili darasani, wiki mbili kazini chini ya msimamizi, na kila Ijumaa msimamizi anakusainia daftari la fildi, yaani la mafunzo hayo ya kazini. Bila saini zile, hata ukifaulu mitihani yote, cheti hukipati.

Fildi nilipangiwa kwenye kampuni ndogo inayofunga mitandao madukani. Msimamizi wetu ni Zuhura, mama kijana wa Kiislamu, mzaliwa wa Ilala, mcha Mungu na mkali wa kazi. Umri wake ni wa mwanangu wa pili. Asubuhi ananiambia, "Shikamoo, mzee wangu," namjibu, "Marahaba, mwanangu," na baada ya hapo yeye ndiye bosi. Nilipangwa pamoja na mwanafunzi mwenzangu, Salome, binti wa miaka ishirini na miwili anayeishi na mama yake Buguruni, chumba kimoja cha kupanga. Wapagazi wa pale mtaani walitucheka sana. "Babu, ukifeli utaambiwa ulete mzazi?" Salome aliwajibu kabla yangu: "Mzazi wake ni mimi, mnasemaje?" Nao wakashindwa kwa kicheko. Ndugu zangu, binti yule alinipenda bure, bila sababu.

Sasa sikieni nilichokuwa nimekificha. Daktari alikwisha kuniambia kwamba nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ile karatasi niliikunja nikaisokomeza chini kabisa ya mfuko wangu wa vifaa. Fomu ya chuo iliuliza habari za afya. Nikaandika "mzima." Niliogopa upasuaji, na zaidi ya hapo niliogopa kurudishwa nyumbani. Nilijiambia nitavumilia mpaka nipate cheti, kisha nitajua la kufanya.

Kebo ya mtandao ndani yake ina waya nane nyembamba, jozi nne. Kila waya wa rangi umesokotwa pamoja na mwenzake mweupe mwenye mstari mwembamba wa rangi ileile. Unapobana ncha, unazisokotoa, unazipanga nane kwa mpangilio maalumu, unaziingiza kwenye kichwa cha plastiki. Na mpangilio wenyewe unataka jozi ya kijani itenganishwe, ile ya bluu ikae katikati yake. Waya za rangi iliyokolea niliziona kwa tochi ya simu. Zile nyeupe nilishindwa. Kwangu zote nne zilikuwa nyeupe tu! Nikishazisokotoa sijui tena ipi ni ya nani. Basi nikabuni ujanja: kila jozi niliiacha ikae pamoja, waya na mwenzake, hivyohivyo ncha ya huku na ya kule. Ukiweka kipimo, taa zote nane zinawaka kwa mfuatano mzuri kabisa. Lakini kebo ya namna hiyo, kazi ikizidi, mawasiliano yanaingiliana na mtandao unakwama. Mwalimu alitufundisha jambo hilo darasani. Nililijua. Nikasema pengine halitatokea.

Kazi yetu kubwa ilikuwa duka la vitenge vya jumla, ghorofa ya tatu. Nikamwambia Salome, "Mwanangu, wewe panda juu ya dari uvute kebo, mimi nitabana ncha." Alifurahi, akidhani namwachia kazi ya ujana na mimi nachukua ya ufundi. Ijumaa Zuhura akapima, taa zikawaka. Akasaini madaftari yetu. "Mzee, mkono wako haujazeeka," akasema. Nikasema amina.

Haikupita wiki. Kila siku wateja wakijaa, mashine ya risiti inagoma na picha za kamera zinaganda. Mwenye duka alitupokea ngazini: "Mmenifungia mtandao au kamba ya kuanikia nguo?" Zuhura akapita ndani. Alikata ncha moja, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaitazama. Akakata nyingine. Akageuka.

"Nani alibana hizi?"

Salome akasema, "Siyo mimi, dada."

"Siyo wewe? Kwa hiyo ni mzee huyu, mwenye miaka thelathini kwenye waya?"

Ndugu zangu, Salome hakusema ndiyo. Amelelewa vizuri mtoto yule, hawezi kumnyooshea kidole mtu wa umri wa babu yake mbele ya watu. Alichofanya ni kunitazama. Alinitazama akinisubiri mimi niseme. Nami niliinama nikaanza kufunga zipu ya mfuko wangu. Ilikuwa zipu fupi tu. Niliifunga kwa muda mrefu sana.

Zuhura akasema, "Kosa nasamehe, kila fundi anakosea. Uongo siwezi. Lete daftari lako." Akaandika. Salome akaondolewa fildi siku ileile, na chuo kikamsimamisha. Alishuka ngazi akiwa ameshika daftari lake kifuani. Hakugeuka.

Mnataka kujua mtu aliyeokoka anaweza kukaa wapi akiwa na jambo kama hilo? Anakaa hapahapa. Nilikaa benchi la pili. Niligawa sadaka kwa wajane. Zuhura akanipa kazi nyingine, peke yangu, kwa kuniamini. Nikaogopa kubana hata ncha moja, nikasingizia kiuno. Mke wangu akachemsha maji akanikanda. Alikanda kiuno kisichouma, jioni baada ya jioni, huku akiniombea, na mimi nimelala kifudifudi nasema asante mama. Kuomba nilishindwa. Nilipiga magoti maneno yakanikauka, nikabaki nahesabu mirindimo ya feni. Darasani kiti cha Salome kilikuwa mbele yangu. Nilitamani chuo kifungwe, nilitamani Kariakoo yote ikatike umeme, nilitamani hata nisiamke. Jambo moja tu sikulitamani: kufungua mdomo.

Wiki tatu, ndugu zangu. Wiki tatu!

Sasa nafika kwenye jambo mlilolishuhudia wenyewe. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi ndiye ninayesoma somo. Nawaambieni leo, tangu mwaka jana sikuwa nasoma. Mke wangu alikuwa ananisomea Jumamosi, nalikariri, kisha nasimama hapa na kitabu mkononi nafunua kurasa. Yeye alidhani napenda kujiandaa. Jumapili ile mchungaji alibadilisha somo palepale madhabahuni. Nikafungua. Ukurasa ulikuwa moshi mtupu. Nikasimama, nikanyamaza, machozi yakaanza kunitoka kwa hofu. Mnakumbuka mlivyofanya? Mama mmoja akapaza sauti, "Upako huo!" Vigelegele. Kwaya ikaingia na wimbo. Watu mlilia pamoja nami, mkaniinulia mikono.

Ndugu zangu, ule haukuwa upako. Alikuwa mzee mwongo asiyeona maandishi.

Wengine hapa wamesikia sauti, wengine wameona nuru. Mimi sikuona kitu, na kwa macho yale ningeona nini? Ila katikati ya wimbo wenu nilichoka. Nilichoka kushangiliwa. Na katika uchovu ule likanijia neno moja la maombi, la kwanza baada ya wiki tatu: "Bwana, nitoe." Sikuomba anitetee. Niliomba anitoe. Na woga ule ukalegea kidogo, kiasi cha mtu kupitisha pumzi. Ndipo nilipofunguliwa, na hakuna aliyejua.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Zuhura. Nikamwekea mezani ile karatasi ya daktari. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Alisoma, akaweka kikombe cha chai chini.

"Mzee, mimi nilimwandikia binti wa watu kwamba ni mwongo. Kwa kalamu. Sasa nafutaje?"

Akapiga simu chuoni mbele yangu, akaeleza, akasema kosa la kutochunguza ni lake, nao wakakubali Salome arudi kesho yake. Kisha akaniambia, "Buguruni nenda mwenyewe. Usimtume mtu."

Nilimkuta Salome karibu na soko, na meza ya kava za simu. Kwa mara ya kwanza hakuniamkia. Nilipiga magoti pale chini kwenye vumbi, mbele ya wauza mitumba, nikasema, "Mwanangu, nilikusaliti. Chuoni wameshaambiwa ukweli. Nisamehe."

"Inuka, mzee, watu wanaangalia."

"Waangalie."

"Wiki tatu mama ananiuliza, 'Umefanya nini huko?' Nasema sijui. Ningemwambia nini? Kwamba babu ndiye mwongo?"

"Ungesema."

"Nani angeniamini?" Akaja mteja, akamuuzia kava, akamrudishia chenji, mimi bado niko chini. Kisha akauliza bila kunitazama, "Wamesema nirudi lini?"

"Kesho."

"Sijasema nimekusamehe."

"Najua, mwanangu."

Salome alirudi. Lakini mtihani ulifanyika katika zile wiki tatu, kwa hiyo atamaliza nyuma ya wenzake, na mimi siwezi kumrudishia muda ule hata nikiuza kila nilicho nacho. Mzigo huo bado ninao. Sasa ananiamkia. Utani hakuna tena. Mimi nilitolewa fildi, na chuo kimesema nitibiwe kwanza ndipo tuzungumze. Jicho la kulia limeshapasuliwa na limepona. La kushoto linasubiri zamu. Kama chuo kitanipokea tena katika umri huu, sijui. Mke wangu, alipojua habari za kiuno, alikaa siku nzima bila kusema nami. Alikuwa na haki.

Na bado nasema Bwana asifiwe! Namshukuru Mungu, si kwa sababu mambo yangu yamenyooka. Hayajanyooka, mmesikia. Namshukuru kwa kuwa alinitoa nikiwa bado nina miguu ya kwenda Buguruni, na Salome akiwa bado yupo wa kunijibu. Namshukuru kwa Zuhura, asiyesali nasi hapa, aliyenifundisha toba kwa kukubali kosa lake kwa simu bila kutafuta maneno. Jicho kupona ni rehema. Lakini nilifunguliwa kabla halijapasuliwa, nikiwa bado natembea kwa kupapasa.

Ndugu yangu uliyeketi hapa na jambo lako, mtumaini Mungu. Hatakuondolea aibu, sitakudanganya. Aibu utaipitia, nayo ni ndefu kuliko unavyofikiri. Lakini upande wa pili wake kuna pumzi. Mimi nilikwenda peke yangu, na njia nzima nilitaka kurudi. Wewe usiende peke yako. Baada ya ibada nitakaa pale mlangoni. Huna haja ya kuniambia ni jambo gani. Niambie tu ni kwa nani tunakwenda, nami nitatembea nawe mpaka kwake.