Nane Iliyogeuzwa Sita

Wasikilizaji wapendwa, kahawa na ipoe kidogo. Dona Felismina Parreira wa Vale de Grou ametutoka Jumanne. Ndiye yule yule Felismina mkali, mwenye mialoni ya vizibo.

Sisi wa Alentejo, huku kusini mwa Ureno, tunajua. Gome la mwaloni huu, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, huvuliwa kila baada ya miaka tisa. Tisa, si saba. Ukishavua, unaandika shinani kwa rangi nyeupe tarakimu ya mwisho ya mwaka ule. Hapo katikati unaishi kwa kondoo, asali, na nguruwe wanaonenepa kwa matunda ya miti hiyo. Ndiyo maana vijana wetu wanasema miti hailipi.

Mwaka 2005 ukame ulitukaba koo. Kondoo wakafa, benki ikabisha hodi. Miti ya Felismina ilikuwa na nane, maana ilivuliwa 1998. Bado miaka miwili. Mwanawe Abílio, roho juu, akazikwangua zile nane akazigeuza sita, ionekane miti ilivuliwa 1996 na miaka tisa imetimia. Kisha akaita wavuaji, kimyakimya.

Asubuhi mama akakuta rangi mbichi. Custódio, mkuu wa wavuaji, alikwisha kuinua shoka. Mama akaegemeza mgongo kwenye shina.

“Dona, toka hapo, nitakukata!”

“Kata! Mimi nimepita miaka tisa zamani, nimeshaiva.”

Wavuaji wakacheka. Abílio hakucheka. “Mama, benki inachukua nyumba! Tutakula majani?”

“Gome la miaka saba ni jembamba, bei yake ya kutupa. Na mti ukiumizwa kwa jua hili, unakufa. Ng’ombe unayemkamua humchinji, mwanangu. Uza nguruwe.”

“Wote? Si unaona walivyokonda!”

“Wote. Na pete yangu ya ndoa.”

Custódio akashusha shoka. Wavuaji wakaondoka wakinung’unika.

Miaka miwili ile, wasikilizaji, ilikuwa michungu. Mkate na zeituni, kesho zeituni na mkate. Kijiji kizima kilisema mama karukwa na akili, na benki haikuacha kubisha. Mwaka 2007 gome likavuliwa kwa wakati wake, nene kuliko kidole gumba. Deni likaisha. Nguruwe wakarudi zizini.

Jana Abílio aliniambia huku analia: “Hakunisema hata siku moja. Alinipikia tu, akaninyamazia. Heri angenichapa.”

Abílio, na dada yako Lurdes, poleni sana. Mungu amlaze mama pema. Nasi tuliobaki tujiulize, nani kati yetu ana moyo wa kungoja? Tujiulize kweli, maana kishawishi hakizikwi na marehemu. Juzi, jeneza likiwa bado sebuleni, aliingia wakala wa mashamba ya mikalitusi, anayetaka mialoni ile ing’olewe. Mkono mmoja shada la maua, mkono mwingine mkataba. Sote tulimkodolea macho Abílio.

Akapokea shada.