Picha Inabaki, Marijani Anahama

Benchi letu limeegemea ukuta wa Mama Isaya, nyuma kidogo ya stendi ya Karatu. Zamani mtaani hapa ulikuta mahindi yameanikwa na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya umeme. Leo unakuta mgahawa unaouza maziwa yenye povu kwa bei ya nusu kilo ya nyama. Tumekuwa watu wa kishua na hakuna aliyetuuliza. Mimi Dorkasi nashona kwenye kibaraza cha jirani, kwa hiyo upuuzi wote unaosemwa pale benchini unapita kwanza masikioni mwangu ndipo uende zake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujapanda, na Marijani, muuza kahawa wetu, alikuwa ameshamimina mzunguko wa kwanza. Kikao kilikuwa na jambo moja tu. Marijani ametakiwa ahame chumba chake ifikapo Jumamosi, kwa sababu Mama Isaya anageuza vyumba vyake viwe vya kulaza watalii, na wateja wake watatu wa kudumu walikuwa wameapa kwamba leo watamtafutia kingine. Chumba chenyewe kiko ndani ya ukuta huohuo wanaouegemea.

Aliyeanza ni Haruna mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tunayemwita Bati.

— Tatizo lenu hamtafuti chanzo. Vyumba vimekuwa ghali kwa nini? Kwa sababu ya bati. Bati likipanda, nyumba inapanda. Mimi ndiye ninayeuza, najua.

— Nyumba ya Mama Isaya imeezekwa kabla wewe hujafika Karatu, nilimwambia. Bati gani limepanda pale?

— Fundi, wewe shona.

Leonce alikohoa. Huyu aliendesha magari ya watalii mpaka mgongo ukamgomea, na jina lake hapa ni Kreta, maana hawezi kuzungumza muda mrefu bila kushuka kreta ya Ngorongoro.

— Bati, unapotosha watu. Ni tembo. Zamani mgeni alilala kule juu, ukingoni mwa kreta. Siku hizi kule ni bei ya wafalme, kwa hiyo anateremka kulala mjini. Lakini tembo wake bado anamtaka. Na tembo wanashuka usiku kwenye mashamba ya watu, kila mtu anajua. Sasa chumba ambacho unalala unasikia tembo, hicho si chumba tena. Hiyo ni safari.

— Mtaa huu tembo anasikika? Marijani aliuliza.

— Anasikika.

— Mimi nalala pale miaka yote, nasikia jenereta la baa.

— Hujamsikiliza vizuri.

Piusi alikuwa amekaa juu ya bodaboda yake, kofia ngumu gotini. Tunamwita Rada, kwa kuwa habari zote zinamfikia yeye kwanza, pamoja na zile ambazo hazijatokea.

— Machalii wangu, mmeachwa mbali. Kinachouzwa hapa ni baridi.

— Baridi ipi?

— Hii hii. Juzi nimebeba jamaa mmoja wa Dar, kashuka kwenye basi, kavaa koti, anataka kulia kwa furaha. Ananiambia, dogo, hewa hii sisi kwetu tunailipia umeme. Sasa jiulize, mtu kama huyo anakodi chumba? Anakodi baridi, bana. Chumba anapewa nyongeza.

— Kwa hiyo mwenye nyumba anamuuzia mtu baridi ya Mungu? Bati aliuliza.

— Chunguza mwenyewe. Kodi zinapandishwa mwezi wa sita. Mwezi wa sita kuna nini?

Bati aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa heshima. Mwezi wa sita kweli kuna baridi.

— Sawa, Marijani alisema, akiongeza kahawa kwenye kikombe cha Rada. Lakini kuna chumba?

— Tunakuja huko, mzee. Usiwe na haraka.

Haraka! Marijani huyu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua. Kila siku, alfajiri kwenu ikiwa bado ni ndoto, anaamka, anaswali, anachemsha kahawa na tangawizi uani kwake, kisha analibeba birika juu ya makaa yake mpaka hapa. Anatembea taratibu ili lisimwagike. Ndiyo maana chumba chake lazima kiwe karibu. Nililisema hilo kwa sauti, maana naona wanaume wale wanadhani kahawa inaota benchini.

— Aende Qurus, nje kidogo ya mji, Rada alisema. Vyumba tele, bei chee. Nitampeleka na kumrudisha mwenyewe.

— Na birika? Marijani aliuliza.

— Unakaa nyuma yangu, unalipakata.

— Makaa yakiwa yanawaka?

Rada alijipapasa mgongoni, na mambo ya Qurus yakaishia hapo.

— Mnahangaika na vya juu, Kreta alisema, wakati kitu kiko chini. Nchi hii inapasuka. Bonde la Ufa linavutika kila mwaka, nimewasikia wazungu wakisema ndani ya gari langu, tena wazee wenye mvi. Ardhi inavutika kama donge la chapati. Leo kiwanja chako ni kidogo, wajukuu wako watakikuta mara mbili yake. Wajanja wamelijua hilo, wananunua sasa na kusubiri kikue.

Bati aliweka kikombe chini. Alikuwa na wasiwasi wa kweli.

— Kikivutika changu, si na cha jirani kinavutika? Mpaka utakaa wapi?

— Ndiyo sababu ya kodi kupanda. Watu wanaweka akiba ya kesi.

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Nilipokuwa natunga sindano upya, kicheko kikaniishia, nikakumbuka kitu.

— Bati, na vile vyumba vyako viwili vya uani?

— Vyumba gani?

— Vile ulivyonipa nishone mapazia yake.

— Aa, vile. Vile vimeshapakwa rangi.

— Kwa ajili ya nani?

— Wageni.

— Wageni gani?

— Watakaokuja, Fundi. Biashara ni subira.

Hasira ilinipanda, siwafichi. Mapazia yale niliyashona kabla ya Pasaka, na tangu hapo aliyelala mle ndani ni vumbi na picha ya twiga ukutani. Nilimtazama Marijani aseme neno. Akakichukua kikombe cha Bati, akakisuuza, akamjazia tena.

Hapo geti likafunguka, akatoka Mama Isaya, kitenge kiunoni na shada la funguo mkononi. Sisemi ni mtu mbaya. Jina lake ni Germana, ni mjane, na mwanawe Isaya bado yuko chuoni. Marehemu mumewe alipougua, Marijani ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, na mama huyu hajawahi kulisahau, hulisimulia hata kanisani. Alikuja akasimama mbele ya benchi, uso wake una furaha ya mtu mwenye wazo.

— Baba Nafisa, umeamkaje? Mmeshafunga mizigo?

— Bado godoro tu, Marijani alijibu. Tunalilalia.

— Haya, msijali, Jumamosi bado. Mimi nina ombi. Wageni wangu wa kwanza wanaanza kuja Jumapili. Sasa wewe ukishahama, uwe unakuja asubuhi na birika lako. Unakaa pale mlangoni kwenye chumba chako, unakaanga buni, unatwanga, unachemsha, wao wanaangalia na kuonja. Isaya anasema inaitwa kofi ekspiriensi. Nitakuwa nakupa chochote.

— Mlangoni kwangu.

— Palepale. Na kanzu uvae. Picha yako tumeshaiweka kwenye mtandao, ile ya Idi uliyocheka na birika mkononi. Watu wameipenda! Tumeandika pale, karibu Karatu uishi na wenyeji.

Kreta alikishusha kikombe kabla hakijafika mdomoni.

— Kwa hiyo picha inabaki, Marijani alisema, mimi nahama.

— Usiseme hivyo, Baba Nafisa, unaniumiza. Mgeni mmoja anatoa kwa usiku mmoja kile unachotoa wewe kwa mwezi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Aliuliza kwa dhati, na Marijani naye akalifikiria swali kwa dhati, kitambaa cha kufutia vikombe kimetulia mkononi.

— Sijui, Mama Isaya. Sijawahi kuwa na nyumba.

— Lakini hiyo ni ajira, Bati alisema. Tena karibu na hapa.

— Na bakshishi, Kreta akaongeza. Wageni wa kahawa wanatoa bakshishi nzuri. Mimi kule kreta...

Hakumaliza. Bajaji ilikuwa imesimama mbele yetu, na binti wa kizungu akashuka na begi kubwa mgongoni. Alitazama simu yake, akatazama ukuta, akamtazama Marijani, kisha uso wote ukamfunguka.

— Shikamooni wazee.

Kilikuwa Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi.

— Marahaba! waliitikia wote, pamoja na Rada, ambaye kwa umri ni rika lake.

— Wewe ni Marijani! Mwenyeji wangu! Samahani, nimewahi kufika. Safari yetu ya Olbalbal, kule Ngorongoro, imefupishwa, basi nikasema, nitakwenda moja kwa moja. Sitaki hoteli. Nataka sana kuishi katika nyumba ya mwenyeji.

Akamshika Marijani mkono kwa mikono yake yote miwili. Marijani akainuka, kama anavyomwinukia kila mtu.

— Karibu sana, dada.

— Asante sana. Mimi nitalala chumba kipi?

Mama Isaya alinyoosha ufunguo kuelekea ndani ya geti. Mlango wa bluu ulionekana, na kizingitini mke wa Marijani, Kuluthumu, alikuwa amechuchumaa akifunga sufuria zake ndani ya kanga kuukuu. Aliinua kichwa, akatupungia, akaendelea kufunga.

— Ni kizuri! binti alisema. Na wewe, Marijani, unalala chumba kipi?

Swali dogo hivyo. Nilisubiri Bati alete bati, Kreta alete tembo, Rada alete baridi. Bati alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Rada alifunga zipu ya koti, akaifungua, akaifunga tena. Mama Isaya, ufunguo ukiwa bado umenyooka mkononi, akaushusha polepole akauficha kwenye kitenge.

Binti alitutazama mmoja mmoja, mashavu yakamwiva.

— Samahani. Kiswahili changu bado kidogo. Nimeuliza vibaya?

— Hapana, dada, Marijani alimwambia. Umeuliza vizuri kabisa. Kaa kwanza.

Bati alisogea bila kuambiwa, akampisha nafasi yake. Marijani akachukua kikombe kisafi, akainamisha birika. Kahawa ilitoka ikafika nusu, ikawa matone, kisha yakaja machicha. Binti akakipokea kikombe, akakaa, akamwinulia macho Marijani, bado anangoja jibu.