Misuko ya Drateru

Teksi ilipotoka Arua kwenda Koboko, mama mmoja mbele yangu, Drateru, alikuwa akimweleza jirani yake Elena, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, kwamba yeye alitolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, madaktari wakapima jeni za ule uvimbe. "Daktari anasema kemo, ile dawa kali ya saratani, haina kazi kwangu. Vidonge tu inatosha."

"Sasa iko huzuni ya nini, dada yangu?"

"Dada zangu iko kijijini Midia, karibu na Koboko. Walisikia kemo inatoa nywele, wakanyoa kichwa wote, nisikae upara peke yangu. Mimi narudi na hii." Aligusa misuko yake, mipya, mizuri kweli.

"Nyoa na wewe. Mutu analipa heshima kwa heshima."

"Nikinyoa watafikiri nakufa."

"Usiponyoa watasema ugonjwa ilikuwa ya uongo."

Walibishana hadi Koboko. Mimi, mwenye upara nisioutaka, hakuna aliyeniuliza.

Teksi iliposimama, wanawake watatu walionyolewa vichwa walikuwa wanangoja. Drateru alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, akashuka. Mkubwa wao akakifungua taratibu, akapitisha vidole kwenye misuko.

"Nani alikusuka vizuri hivi?" akauliza.