Keki ya Chungwa ya Mwalimu Marselina

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam alaykum. Wakubwa wangu, shikamooni. Mimi ni Scola Hieronimo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Marehemu alinisahihisha usomaji tangu nikiwa darasa la kwanza, kwa hiyo nitasoma taratibu, maana hata leo sitaki anikute na kosa.

Mwalimu Marselina Hieronimo alizaliwa hapa Bagamoyo, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Februari 1952. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Hieronimo Pazi, seremala, na mkewe Bi. Yustina. Tulizaliwa wawili tu. Nilipokuja mimi miaka mitano baadaye, inasemekana alinitazama, akauliza kama nitalia hivyo siku zote, kisha akaniwekea kipande cha muwa kifuani. Mama alikiondoa haraka, lakini alipenda kusimulia kisa hicho mpaka uzeeni. Alisema binti yake mkubwa hakuweza kumwona mtu analia bila kumtafutia kitu kitamu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1960 na kumaliza darasa la nane mwaka 1967. Kila Jumamosi alikwenda kuosha vyombo katika jiko la masista, si kwa kupenda vyombo, bali kwa sababu pale palikuwa na tanuri la kuni. Huko ndiko alikojifunza kuoka. Aliendelea na sekondari ya wasichana Morogoro kuanzia 1968 hadi 1971, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Desemba 1973.

Alianza kufundisha sayansi kimu, yaani mapishi na kazi za nyumbani, Januari 1974 huko Mapinga, wakati Mapinga ni mihogo na mikorosho na hakuna aliyeota kwamba watu wa Dar wangekuja kugombea viwanja. Mwaka 1982 alihamishiwa Saadani, na mwaka 1986 akarudi Bagamoyo, alikofundisha mpaka alipostaafu Februari 2012. Wanafunzi wake wengi mpo hapa. Mnakumbuka kwamba aliweza kumrudisha mtu nyumbani akafue kola upya, na mtu huyohuyo akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi.

Saadani ndiko alikoanza kuoka bila tanuri. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari adimu, unga adimu, na watu wamechoka. Alitia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka juu yake kopo la bati la mstatili alilotengenezewa na baba, akafunika, akapanga mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Keki ilitoka na umbo la tofali. Ikipatikana sukari ya kutosha keki moja, haikuliwa nyumbani kwake. Ilikwenda kwa jirani aliyefiwa, au aliyeharibikiwa na mimba, au ambaye mume wake hakurudi. Hakuwa na maneno mengi ya kufariji watu. Aliingia, akaweka keki, akakata mwenyewe, akakaa kimya mpaka mwenye msiba aonje. Basi.

Alifunga ndoa takatifu na Bw. Noel Kondo tarehe 24 Aprili 1976. Shemeji alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya chumvi, na alipenda kuwatania wageni kwamba yeye alioa keki, mwalimu akaja kama nyongeza. Walijaliwa watoto wawili, Hieronimo aliyezaliwa mwaka 1977 na Felisia mwaka 1980. Waliishi kwa mapenzi na kelele kidogo mpaka Bwana alipomwita Noel tarehe 2 Mei 2001.

Labda mnajiuliza chungwa liliingiaje, maana mwanzoni keki yake ilikuwa ya vanila. Mwaka 1989 jirani yetu, Bi. Nasrin Darwesh, alifiwa na mumewe, Mzee Azan. Bi. Nasrin yupo hapa, ameketi pale na akina mama, na amenipa ruhusa niseme. Alikuwa ndani amekaa eda, na Dada alimpelekea keki kila Ijumaa. Ijumaa tatu zikapita, keki inapokelewa kwa shukrani na kipande hakiliwi. Ijumaa ya nne Bi. Nasrin akamshika mkono, akamwomba radhi, akamweleza kwamba arki ya vanila ina kilevi. Yeye mwenyewe alikuwa amelisoma hilo kwenye chupa ya arki, na kumwambia alikuwa anaona haya. Dada alirudi nyumbani akilia njia nzima. Kufundisha mapishi miaka kumi na tano na kumpelekea mjane kilevi katika eda yake, aliona ni aibu isiyosemeka. Alilia, akanawa uso, akatoka kwenda sokoni. Ijumaa iliyofuata alikwenda na keki ya chungwa, ganda limekwaruzwa juujuu tu bila ule weupe mchungu, na maji ya chungwa na ndimu yamechemshwa na sukari kidogo na kumwagwa juu ya keki ikiwa bado ya moto. Bi. Nasrin alikula vipande viwili. Tangu siku hiyo vanila haikuingia tena nyumbani kwa Dada, na mji mzima ukaijua keki ya Mwalimu kwa harufu.

Sasa nisome sehemu niliyoiandika mwenyewe. Watoto wa marehemu wameiona, wakasema nisome.

Mume wangu, Damasi, alifariki ghafla kule Lugoba, tulikokuwa tukiishi, tarehe 11 Juni 2009. Dada alifika na keki. Siku ya kuanua matanga, alipokuwa anaingia garini kurudi Bagamoyo, nilimrudishia ikiwa kwenye kitambaa chake vilevile, haijafunguliwa. Nilimwambia, "Ichukue, Dada. Hapa hakuna wa kuila." Aliipokea, akaipakata, gari likaondoka.

Hatukugombana. Ingekuwa nafuu tungegombana. Tulipigiana simu, tulikutana Krismasi, shikamoo Dada, marahaba mdogo wangu, hujambo, sijambo. Lakini miaka yote iliyofuata keki yake haikufika Lugoba tena. Upepo uliezua bati zangu, haikuja. Nililazwa wiki mbili kwa tumbo, alikuja yeye mwenyewe akakaa nami usiku na mchana, keki haikuja. Alikuwa akiwapelekea hata watu asiowajua majina. Nilijua nimemuumiza, na sikuwa na ujasiri wa kuligusa jambo hilo. Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba mmoja wetu atakufa kabla halijasemwa.

Tarehe 3 Machi 2022 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, na maneno yakawa yanatoka moja moja. Nilifunga nyumba Lugoba nikaja kumuuguza. Kwa miaka mitatu na ushei nilimwogesha, nikamlisha, nikamchana nywele, naye akanikosoa katika yote matatu. Sukari na shinikizo la damu vilipanda na kushuka. Hakulalamika, isipokuwa kwa jambo moja, kwamba watu wanafiwa na yeye hana mkono.

Mwezi Julai mwaka huu Bi. Nasrin alifiwa na kaka yake. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 5, Dada alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye sufuria, kisha akaninyooshea mimi. Nilielewa. Tulitoka uani, yeye kwenye kiti chake, mimi chini na kikwaruzo cha karoti. Alinizuia kila nilipofika kwenye weupe wa ganda. Alinikataza kufunua kifuniko mara nne. Nilipokwisha kupanga mkaa juu hapakuwa na kazi iliyobaki ila kungoja, na mimi nikaona nikinyamaza tena leo, nitanyamaza mpaka kaburini.

Nilimwambia, "Dada, ile keki ya Lugoba sikuirudisha kwa dharau. Keki yako huenda kwenye nyumba iliyofiwa. Niliona nikiipokea, nimekubali kwamba Damasi amekufa. Sikuweza."

 Akasema, polepole, neno baada ya neno, "Kumbe. Mimi nilidhani umeona imeungua."

Nikamuuliza imeungua vipi.

"Chini yote. Nilikuwa namlilia shemeji yangu, nikasahau mkaa. Nikaifunika vizuri usione."

Mimi sikuifungua hata kitambaa. Miaka kumi na sita mwalimu wa mapishi alikuwa anaona haya kuniletea keki kwa sababu aliamini nimemshika na keki iliyoungua, nami nilikuwa naona haya kuiomba. Tulicheka mpaka Felisia akatoka mbio ndani akidhani mama yake amezidiwa. Tulilia pia, siwafichi. Dada ndiye aliyekumbuka mkaa.

Jumapili ya wiki iliyofuata akataka tuoke nyingine. Nilimuuliza ni nani aliyefiwa. Akasema, "Scola wa Lugoba."

Niliioka kwa mikono yangu, yeye akisimamia. Ilipopoa akaomba awekewe mapajani. Akanisogezea kwa mkono wake wa kushoto, akasema, "Pole, mdogo wangu." Akakaa kimya akinitazama mpaka nilipoonja. Yeye mwenyewe daktari alikuwa amemkataza utamu, lakini alichovya kidole kwenye maji ya chungwa yaliyobaki bakulini, nami nikageuka upande nisione. Ilikuwa siku njema kuliko zote tulizokaa pamoja tangu utotoni.

Hali yake ilibadilika tarehe 17 Agosti 2025. Alipata Mpako wa Wagonjwa siku iliyofuata, na alfajiri ya Jumatano tarehe 20 Agosti, akiwa kitandani mwake na watoto wake wawili wamemshika mikono, alivuta pumzi ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, Baba Paroko, jumuiya yetu ndogo ndogo, na majirani ambao tangu Jumatano hawajaturuhusu kuwasha moto jikoni kwetu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Hieronimo na Felisia, mkwe mmoja, wajukuu watano, kitukuu mmoja wa miezi minne, jirani yake Bi. Nasrin, ambaye familia imeomba ahesabiwe humu, na mdogo wake mmoja.

Mdogo huyo ndiye mimi. Safari hii sikatai. Dada yangu amekufa, nimefiwa, na pole zenu nazipokea zote. Mwenyezi Mungu ampumzishe Mwalimu Marselina kwa amani, kwa kuwa aliondoka hana kinyongo na mtu, wala hakuna aliyebaki na kinyongo naye. Amina.