Kiti Kimoja Ukumbini

Benchi lenyewe ni ubao wa mlango mkuukuu juu ya matofali, mbele ya nyumba ya Fundi Saa, na sheria yake ni moja: hakuna kunyanyuka kabla birika la Dada Kahawa halijakauka. Anayenyanyuka atasengenywa mpaka kesho. Asubuhi hiyo sheria ilimbana Fundi Saa. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa imepigwa namba nyekundu ukutani, na saa nne kamili wakubwa wa miji mitano wangekaa ukumbini kupanga kwa pamoja wapi pajengwe viwanda, wapi pabomolewe pajengwe ghorofa. Barua ilitaka kila mtaa upeleke mtu mmoja. Wiki nzima benchi lilibishana nani aende, jina halikupatikana. Lakini Fundi Saa alikuwa amemwahidi mama yake kwamba ataenda yeye. Mama haoni huu mwaka wa tisa. Nyumba ile anaijua kwa hatua, kumi na moja kutoka kitandani mpaka mlangoni.

— Saa ngapi hiyo, Fundi? aliuliza Mwashi.

— Nne kasoro robo.

— Bado mapema. Dada, nimiminie.

— Nyie hamjui kitu, alisema Masjala, karani mstaafu aliyetunza mafaili ya watu miaka thelathini. — Ushirikiano wa kanda maana yake wanagawana. Huyu anachukua viwanda, yule barabara, yule chuo. Sisi tunaletewa taka za wote watano!

— Taka wapi! Mwashi aliruka. — Misingi ya mtaa huu nimechimba kwa mikono hii. Udongo unanuka. Chini kuna mafuta, nakwambia. Ghorofa ni geresha tu.

— Hicho unachonusa ni choo chako, Dada Kahawa alimkata.

— Wala si mafuta, Masjala akapandisha dau. — Ni ziwa. Wanachimba ziwa la starehe! Watu watoke miji minne waje kupanda boti juu ya kitanda cha Fundi hapa.

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Fundi Saa hakucheka. Mfukoni alikuwa na saa tatu za wateja, na sasa zote zilikuwa zimeshapita nne.

— Jamani, alisema, mmoja wetu si angekwenda akasikilize tu?

Kicheko kikakatika.

— Nani? aliuliza Mwashi taratibu. — Wewe?

— Sijasema mimi.

— Maana atakayekwenda leo, kesho tutajua kakatiwa vyumba vingapi kwenye hizo ghorofa.

— Mwashi, nyumba yangu ina namba nyekundu kama yako.

— Ndiyo maana nakuuliza.

Hakuna aliyemtetea. Dada Kahawa alijitia anapuliza makaa. Fundi Saa aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa watu aliokunywa nao kahawa miaka ishirini. Akanyoosha kikombe.

— Nitilie na mimi.

Mabishano yakarudi. Ziwa likapata kisiwa, kisiwa kikapata hoteli, na Mwashi akaapa kuwa tayari ameshaona mabomba. Birika lilikuwa linakaribia mwisho pale alipotokea dada mmoja mwenye faili kwapani, viatu vimejaa vumbi, anasoma namba za ukutani moja baada ya nyingine.

— Habari za hapa? Natokea ukumbini. Naomba kuuliza, mwakilishi wa mtaa huu ni nani?

Mwashi akamtazama Masjala. Masjala akatazama kikombe chake.

— Tumewawekea kiti mbele kabisa, aliendelea yule dada. — Tumesubiri nusu saa nzima. Ukurasa wa mtaa wenu kwenye mpango umepitishwa hivyo hivyo, hakuna aliyepinga. Nimetumwa jina tu, la kuandika kwenye orodha ya wasiohudhuria.

— Umepitishwa vipi? Masjala aliuliza. — Ni taka? Ni ziwa?

— Ziwa gani, baba? Ni kubomoa. Baada ya miezi mitatu.

Dada Kahawa aliinamisha birika. Halikutoka hata tone. Sasa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kunyanyuka, na hakuna aliyenyanyuka.

Nyuma yao zikasikika hatua, taratibu, bila fimbo. Mama alifika mlangoni, akashika fremu pale pale anapoishika siku zote, akageuza uso kule alikosikia watu.

— Mwanangu, aliita kwa furaha, umesharudi? Wamesemaje?