Pembe kwenye Mlango wa Korona

Kijiwe cha Beskempu, pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakina bango wala paa la maana. Kina kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, jiko la mama Perpétue anayeuza kahawa ya tangawizi, na watu ambao ukiwauliza kazi yao watakujibu kwamba wanangoja. Alhamisi moja ya mwaka 2012 walikuwa na kazi kweli, maana Kabanda alikuwa ameegesha gari lake, Toyota Korona, mbele yao, ubavu wenye aibu ukiwatazama. Gari lilikuwa jeupe la maziwa. Kutoka mlango wa dereva mpaka wa nyuma ulipita mkwaruzo mrefu uliokata rangi mpaka bati likaonekana, na Kabanda aliutazama kama anayetazama kidonda cha mwanawe.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Jumamosi Munezero, binti wa kaka yake Kabanda, alikuwa anaolewa. Baba yake, Ezira, alifia njiani walipokimbia kutoka milima ya Kivu Kusini, na Kabanda, mdogo wa marehemu, ndiye aliyebaki kuwa baba. Alikuwa amemwapia mama wa msichana kwamba mtoto hatakwenda kanisani kwa miguu watu wakimwonea huruma ya yatima. Atapanda gari, tena gari linalong'aa. Basi Jumanne akaliosha, akalipaka siagi ya ng'ombe mlango kwa mlango, akasugua mpaka ukajiona meno. Kwao siagi hupakwa kinachopendwa, ngozi ya mtoto mchanga, nywele za bibi harusi. Gari linyimwe kwa kosa gani? Jumatano jioni wakwe wakaleta ng'ombe wa mahari, jike lenye pembe ndefu. Ng'ombe alipopita kando ya gari akaona ng'ombe mwingine mle mlangoni anamkodolea macho. Akamvamia. Vijana wakamvuta, wakaenda kumfunga nyuma ya nyumba, na Kabanda hakupata usingizi kwa ajili ya ule mlango.

Gad, dereva wa pikipiki waliyemwita Spika kwa sababu mdomo wake hauna likizo, ndiye aliyefungua kikao. Alipitisha ukucha kwenye mkwaruzo, ukucha ukanasa.

— Hii haiko shida, akasema. Gari iko nyeupe, dawa ya meno iko nyeupe. Unajaza mule ndani, unapangusa, kwisha. Nani atajua?

— Mvua itajua, akasema Constantin.

Huyu walimwita Injenia. Zamani, Uvira, aliwahi kuosha magari kwenye gereji moja kwa miezi michache, na cheo kikamganda. Alieleza kwa kirefu kwamba mkwaruzo unaonasa ukucha hautibiwi na dawa ya meno. Unasuguliwa kwa msasa na maji, kwanza msasa mkali, kisha laini. Unazibwa kwa mastiki, unasuguliwa tena, ndipo upakwe rangi. Hapo alikuwa anasema kweli, na wote wakatikisa vichwa. Kabanda akapata matumaini kidogo, akauliza rangi itatoka wapi.

— Kuko ile ilibakia ya ukuta wa kanisa, akajibu Injenia. Gari ya kwenda kanisani, rangi ya kanisa. Unataka nini tena?

Mama Perpétue, bila kugeuka, akawakumbusha kwamba ukuta ule humwachia unga mgongoni kila anayeuegemea. Akauliza kama wanataka Munezero ashuke garini na nusu ya kanisa kwenye gauni.

Rugamba alikuwa bado hajasema. Ni Mnyankore, mwenyeji wa pale, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi, na kijiweni anaitwa Afande. Alipiga funda moja, akashika goti.

— Bwana ssebo, hii si kazi ya benchi. Peleka Mbarara, Nyamityobora, iko mafundi ya rangi pale. Toa mfuniko ya tangi, beba, wao nachanganya rangi sawasawa na hiyo. Jua imekula hii gari. Nyeupe ya dukani hapana fanana na nyeupe yako.

Kabanda alikuwa ameshampigia fundi wa huko asubuhi ile. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia ukweli tu. Kusugua, kuziba, kupaka, kukausha, gari lingetoka Jumatatu. Na Jumamosi Munezero angekwenda kuolewa juu ya pikipiki ya Spika, akishika shela kwa meno.

— Na kama ninaifanya miye mwenyewe, leo? Kabanda akauliza.

Afande akainama, akanusa mlango. Akauliza umepakwa nini. Alipoambiwa siagi, aliweka kikombe chini polepole, kwa heshima. Akasema rangi na mafuta havisalimiani. Siagi imeshaingia mle kwenye mkwaruzo. Isipotolewa yote, rangi itaota chunusi na kubanduka mchungaji akiwa bado kwenye sala ya kwanza. Kabanda alilipenda gari lile, alilipaka kwa mikono yake, kumbe kila alipopaka ndipo alipoharibu. Akajifanya anapuliza kahawa.

Hapo ndipo kikao kilipopoteza breki. Spika akataka mkwaruzo ufunikwe kwa riboni na maua. Alipoambiwa upepo utayang'oa, akasema basi Kabanda aendeshe ule ubavu ukitazama ziwa, kusiko na watu, njia nzima, na kanisani aingie kwa kurudi nyuma. Injenia akapinga: kurudi nyuma na bibi harusi ni mkosi. Yeye alikuwa na suluhisho la kisayansi.

— Tukwaruze na upande wa pili, akasema. Bikuwe sawa. Batu batasema ni mutindo ya Dubai.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Kabanda alikuwa ameshaokota msumari chini na alikuwa anaupima kwa kidole gumba.

Ndipo mama Nyiramana akatokea. Alikuwa mama wa bwana harusi, mwanamke mrefu, mkimya, aliyetoka kambi ya Oruchinga pamoja na ng'ombe na kulala kwa ndugu zake hapo kambini. Mkononi alishika mfuko mdogo wa chumvi. Kiti kizima kikasimama. Kabanda akautupa msumari, akajisogeza kuziba mkwaruzo kwa mgongo wake, lakini mkwaruzo ulikuwa mrefu kuliko yeye.

Akaona heri aseme. Alimwomba radhi, tena kwa maneno mengi. Alimweleza habari za msasa, za mastiki, za fundi wa Nyamityobora na Jumatatu yake. Alimwapia kwamba Munezero hataingia kwa watu katika gari la aibu, hata kama itabidi alisugue usiku kucha. Mama alisikiliza yote mpaka mwisho bila kumkata.

— Pole, bamwana, akasema, maana ndivyo wazazi wa bwana na wa bibi wanavyoitana kwao. Na ng'ombe? Aliumia?

Spika, Injenia na Kabanda wote walizaliwa kwenye harufu ya ng'ombe. Baba yake Kabanda hakuwahi kuonja maziwa ya asubuhi kabla hajazunguka zizi na kushika kila mgongo. Sasa mwana wa mtu yule alikuwa ameshika kila sehemu ya gari, na pembe iliyopasua bati hakuwa ameitazama hata mara moja.

— Sijue, mama, akasema. Sikumuangalia.

— Basi tuende tumuangalie.

Hakukasirika. Kabanda angependa amkaripie, ingekuwa nafuu.

Wakaenda nyuma ya nyumba. Ng'ombe alisimama pale pale alipofungwa, kamba fupi, nyasi za jana mbele yake hazijaguswa. Pembe ya kulia ilikuwa imepasuka shinani, na damu ilikuwa imekauka kutoka hapo mpaka jichoni, nzi wamejaa. Kabanda alivua shati la safari, akaitisha maji ya vuguvugu, akaanza kumwosha kwa ncha ya shati. Nyiramana alishika kichwa, akatia chumvi kwenye maji. Pembe haikuwa imevunjika, ingepona.

— Gari itamupeleka vile iko, mama akasema. Benye batauliza, tutabaambia ni ng'ombe yake ndiye alipiga.

Kabanda aliitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi iliyoijua tangu utotoni, na machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha. Alitaka kumtuliza ng'ombe kwa kumsifu kwa jina, kama inavyofanywa, na jina hakulijua. Kwao ng'ombe wa mahari hapokelewi kabla ya kuulizwa jina lake na la mama yake. Jana, kwa sababu ya mlango, hakuuliza.

— Mama, akasema kwa sauti ya chini, anaitwa nani?

— Tangu jana, akajibu Nyiramana, nilikuwa ninangoja uniulize.